Barua kwa mwanangu: msiandamane Ijumaa

Mwanangu,

Umeniuliza mambo mawili: mkikamatwa kwenye maandamano ya bima ya afya pale Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya Nairobi, mfanye nini, na je, kukamatwa kutakuharibia leseni yako ya uuguzi? Kisha ukaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba mmepanga Ijumaa alasiri ili watu watoke kazini. Naanza na hiyo Ijumaa, maana inanitisha kuliko vitoa machozi.

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wengi huacha kusoma hapo. Maneno yanayofuata yanasema saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa saa tisa mchana, saa 24 zinaishia Jumamosi, na polisi wanaweza kukaa nawe hadi Jumatatu jioni bila kuvunja sheria yoyote. Ukikamatwa Jumanne saa nne asubuhi, Jumatano saa nne hakimu awe amekuona. Mawakili nao siku hizo wako mjini na karani wa mahakama yuko dirishani. Andamaneni Jumanne asubuhi. Watakaokosa kuja kwa sababu ya kazi ndio mtakaowahitaji nje.

Sasa notisi. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo apewe notisi ya maandishi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Iwe na jina kamili la mwandalizi na anwani yake, tarehe, saa na njia mtakayopita. Maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mnamjulisha, hamwombi ruhusa, kwa hiyo barua isianze na "tunaomba kibali". Mkiomba mnamfungulia mlango wa kukataa. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kituo. Wakikataa kupiga muhuri, tumeni kwa posta ya rejista na mtunze risiti. Nakala hiyo ndiyo wakili ataishika mkononi mkishtakiwa kwa kukusanyika kinyume cha sheria, kosa ambalo adhabu yake inafika kifungo cha mwaka mmoja.

Mabango yaseme jambo moja. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii. Mchuuzi na mama wa mboga wanapimiwa uwezo kwa maswali, halafu wanatakiwa walipe mwaka mzima kwa mkupuo. Sheria yenyewe imesema wasiojiweza walipiwe na serikali. Daini hilo lipanuliwe, na msichanganye na siasa nyingine za wiki hiyo.

Mkono wa askari ukikushika, usiuvute. Kumsukuma afisa aliye kazini kunaweza kuandikwa shambulio chini ya kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu, na hapo kifungo ni hadi miaka 5. Kesi ndogo hugeuka kubwa kwa njia hiyo. Uliza kwa sauti unakamatwa kwa kosa gani, taja jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho ili walio karibu wasikie, kisha nyamaza. Kunyamaza ni haki yako.

Mkifika kituoni, hakikisha umeandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, uombe namba yake na saa iliyoandikwa. Saa hiyo ikiandikwa uongo, hesabu ya 24 inaharibika. Umeumia? Liseme kabla ya kuingia seli, liandikwe humo humo, na uombe kupelekwa hospitali. Fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha yako, hutolewa bure. Mali yako, hata shilingi 50, ihesabiwe mbele yako kabla hujasaini. Upekuliwe na askari wa kike na ukae seli ya wanawake. Taarifa usiandike bila wakili. Namba ya siri ya simu usitoe. Mpelelezi anayetaka kuifungua aende kwanza akaombe amri ya mahakama. Nyumbani zima kabisa kufungua simu kwa kidole au uso.

Kuna dhamana mbili kituoni na watu huzichanganya. Bondi ya polisi haina malipo: unasaini kwamba utafika siku fulani, mahali fulani. Dhamana ya pesa taslimu ina risiti rasmi. Pasipo risiti, hizo ni hongo, na hutaziona tena. Anayelipa aandikwe jina lake mwenyewe kwenye risiti, kwa sababu pesa hurudi kwake kesi ikiisha.

Mahakamani utasikia ushauri mtamu kutoka kwa wenzako wa seli: kubali kosa, ulipe faini, uende nyumbani. Hapa ndipo leseni yako ilipo. Kukamatwa si kutiwa hatiani. Ukikubali shtaka, umejitia hatiani mwenyewe, na hatia hiyo itakufuata kwenye cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kila unapoomba kazi. Kana shtaka, omba dhamana, rudi kazini, pigana na kesi taratibu. Pengine upande wa mashtaka hautakuwa na shtaka lolote. Utaleta ombi la kukushikilia siku zaidi uchunguzi ukiendelea, pamoja na kiapo cha mpelelezi. Wakili apinge papo hapo na adai sababu nzito. Na kosa lenye adhabu ya faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba hairuhusu uwekwe rumande kwa ajili yake.

Teueni watu wawili ambao hawataandamana kamwe, hata mambo yakinoga. Wawe na majina yote, namba za vitambulisho, namba ya wakili, na orodha ya nani anatumia dawa gani. Kazi yao ni kupita vituo vya polisi, wakianza na Capitol Hill na Central, maana waliokamatwa pamoja hutawanywa. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na mwenye dawa za kila siku azibebe kwenye kifungashio chenye lebo ya hospitali. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi huzua maswali kaunta. Namba ya wakili mwiandike mkononi kwa kalamu ya wino.

Notisi ikishapigwa muhuri, nitumie picha yake niisome tarehe.

Mama yako