Mjukuu wangu hataki kuzungumza na mamake

SWALI: Mwanangu, nakuita hivyo kwa kuwa nina miaka 61. Naishi Likoni na mjukuu wangu wa kike wa miaka 7. Mamake yuko Riyadh, kazi za ndani, na mkataba wake wa miaka 2 umebakisha miezi 3. Siku ya safari tulimwambia mtoto kuwa mama anaenda dukani, asije akatulilia. Mwanzo alikuwa akizungumza naye. Siku hizi simu ikilia Ijumaa, ambayo ndiyo siku binti yangu hupewa simu yake, mtoto anaifunika kwa mto na kukimbilia kwa jirani. Mimi ndiye anayeniita mama. Binti yangu analia huko, anasema nimemgeuza mtoto. Wallahi sijamgeuza. Hanipi taabu yoyote, ila habanduki kwangu. Hata nikitoka kununua kiberiti lazima tufuatane. Je, nimlazimishe?

JIBU: Shikamoo, mama. Usimlazimishe. Na binti yako ajue hukumgeuza mtoto: mtoto mdogo humwita mama yule anayemwogesha na kumfunika usiku.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye kiberiti. Mamake alienda dukani, hajarudi karibu mwaka wa pili sasa. Ndiyo maana wewe ukijifunga leso tu, yeye anatafuta ndara zake. Anakulinda usipotee, mama.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Mamangu alikwenda Muscat nikiwa na miaka 6, akaondoka usiku nimelala. Sauti yake ilikuwa ikija kwenye kaseti, tukiletewa na wasafiri. Nyanya akiitia kwenye redio, mimi natoka uani. Watu walidhani nimemsahau. Sikumsahau hata siku moja. Nilikuwa na hasira kwamba yupo mahali, mzima, anacheka kwenye kaseti, na hakuniaga. Ningeambiwa ningelia, lakini ningejua.

Basi anza wewe. Kaa naye mchana, umwambie: "Siku ile tulikudanganya. Mama hakwenda dukani, alikwenda Saudia kufanya kazi. Wewe hukukosa lolote." Hilo la mwisho usiliache, maana mtoto akikosa sababu hujitafutia kosa mwenyewe. Akilia, mwache alie. Akiuliza tena kesho na kesho kutwa, mjibu yale yale. Mweleze pia kwamba simu ya mama inawekwa na mwenye nyumba, ndiyo maana anapiga Ijumaa tu.

Binti yako naye aache kuuliza "Unanipenda?" na "Mbona hutaki kuongea nami?" Ijumaa arekodi sauti fupi fupi za mambo madogo: amepika nini, ameona paka gani dirishani. Saa ya Riyadh na ya Mombasa ni moja, kwa hiyo anaweza kumwambia, "Saa kumi na mbili asubuhi ukiamka, na mimi nimeshaamka, niko jikoni." Wewe zifungulie wakati unakaanga mahamri, bila kumwita. Atasikiliza akiwa mlangoni.

Tarehe ya kurudi msimtajie hadi tiketi iwe mkononi. Kwenye kafala, yaani ule mfumo wa mwajiri kumdhamini mfanyakazi mgeni, mfanyakazi amefungwa kwa mwajiri wake, na mageuzi ya Saudia ya mwaka 2021 hayakuwagusa wafanyakazi wa ndani. Mkataba unaweza kuisha na safari isiwe. Mtoto huyu asidanganywe mara ya pili, hata kwa bahati mbaya.

Siku mamangu aliporudi nilijificha uvunguni jioni nzima. Alitaka kunivuta, nyanya akamzuia: "Njaa ikimuuma atatoka." Nilitoka, nikala wali nikiwa nimempa mgongo, na usiku nikalala kwa nyanya kama kawaida. Nawe fanya hivyo. Mtoto abaki kitandani kwako hadi mwenyewe atake kuhama, na binti yako asidai kuitwa mama wiki hizo za mwanzo. Najua litamuuma, kwa sababu amefanya kazi miaka miwili kwa ajili ya mtoto huyu.

Ukiona mtoto anaacha kula, au anaanza kukojoa kitandani, piga 116. Ni nambari ya bure ya kusaidia watoto hapa Kenya.

Na kama binti yako atasaini mkataba mwingine, amwambie mtoto yeye mwenyewe, mapema. Aondoke mtoto akiwa macho, amsindikize hadi uwanja wa ndege, hata kama mtalia nyote watatu.