Sheria za magari ya umeme: mnagombania tarehe, mimi nagombania betri

Mkuu, umeuliza kama serikali ina haki ya kulazimisha magari ya umeme, na kabla hujajibiwa watu wameshagawanyika: hawa wanasema ni ubabe, wale wanasema bila sheria hakuna kitakachobadilika. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilianza na petroli na dizeli, sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni haibridi (zenye injini na mota ya umeme pamoja) na magari ya umeme yaliyokwisha dhamana. Naunga mkono sheria hizi, ila kwa sababu ambayo sijaona mtu akiigusa hapa.

Kwanza niwatoe hofu wanaodhani watanyang'anywa magari yao. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2023 iliyataka magari mapya tu, ya kuanzia 2035, yasitoe hewa ya ukaa. Lililokwisha kusajiliwa linaendelea kutembea na kuuzwa kama kawaida. Uingereza nayo inambana mtengenezaji: mwaka 2024 asilimia 22 ya magari mapya anayouza yawe hayatoi moshi kabisa, 2025 asilimia 28, hadi kufikia 80 mwaka 2030. Asipofikisha, ananunua nafasi kwa mwenzake aliyezidisha au analipa faini, iliyoanza pauni 15,000 kwa kila gari lililopungua kisha ikashushwa hadi 12,000. Ni kweli kiwanda kinaweza kukusukumia mzigo huo kwenye bei, na anayelalamikia hilo nampa haki yake.

Tarehe zenyewe hazikai. California iliagiza mwaka 1990 kwamba ifikapo 1998 asilimia 2 ya magari mapya ya viwanda vikubwa yasitoe moshi, na 1996 ikalifuta agizo hilo kabla halijaanza. Uingereza ilisema mwisho wa kuuza magari mapya ya petroli na dizeli ni 2030, mwaka 2023 ikasogeza hadi 2035, serikali iliyofuata ikarudisha 2030 kwa yale ya petroli na dizeli tupu. Kanada nayo mwaka 2025 ilisimamisha lengo lake la magari ya 2026. Kwa mwenye gereji hili linauma kuliko mnavyodhani. Glavu za kuhimili volti 1,000, bisibisi na spana zenye mipini isiyopitisha umeme, meza ya kushushia betri, mafunzo ya vijana: vyote unavinunua ukiiamini sheria, halafu mwanasiasa anabadili mwaka.

Sasa nifike ninapopataka. Kanuni ya California ya 2022 kila mtu anaitaja kwa asilimia zake za magari mapya yasiyotoa moshi: 35 mwaka 2026, 100 mwaka 2035. Waliosoma vifungu vya ndani ni wachache. Humo ndani iliandikwa kwamba gari la umeme la mwaka 2026 libaki na angalau asilimia 70 ya umbali wake wa awali wa chaji moja kwa miaka 10 au maili 150,000. Betri iwe na dhamana ya miaka 8 au maili 100,000. Mwenye gari aweze kuona afya ya betri kwenye gari lenyewe. Na taarifa za matengenezo ziwafikie mafundi wa kujitegemea, si mawakala wa kiwanda peke yao. Juni 2025 Bunge la Marekani na Rais Trump wakafuta kibali cha serikali kuu kilichoiwezesha kanuni hiyo, California ikaenda mahakamani. Waliopinga kanuni walishangilia kwamba mnunuzi amerudishiwa uhuru wake. Nilitafuta katika shangwe zile mtu mmoja wa kuuliza: na ile dhamana ya betri je?

Nashikilia hapo kwa sababu ya gari nililolifungua kwa mikono yangu. Mama mmoja, mmiliki wa tatu, alilileta likiwa na ugonjwa huu: ukilichaji linajaa vizuri, ukitembea kidogo asilimia zinaporomoka ghafla na gari linapoteza nguvu. Kwa wakala aliambiwa betri nzima ibadilishwe, kwa bei iliyokaribia thamani ya gari. Nilichomoa plagi ya usalama, nikasubiri kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) zimalize chaji, nikaishusha betri na kufungua mfuniko. Ndani seli, yaani betri ndogondogo, zimeungwa mfululizo, kila kundi na waya wake mwembamba wa kusomea volti. Nikapita na mita moja baada ya nyingine: 3.8, 3.8, 3.81, 3.8, kisha 3.2. Jirani yake nayo 3.3. Zilizobaki zote nzima.

Kompyuta ya betri inaifuata seli dhaifu kuliko zote. Hiyo ikigusa kikomo cha chini, inakata nguvu hata kama nyingine bado zina chaji tele. Tatizo lilikuwa moduli moja, yaani fungu moja la seli zilizofungwa pamoja. Nilipata nzima kutoka gari la aina ileile lililopata ajali, nikasawazisha volti kwanza, nikafunga, nikakaza boliti kwa kipimo. Gari likakataa kuwaka. Programu yake ilitaka msimbo wa kiwandani, na msimbo huo hupewa mawakala tu. Hatukuupata. Gari lenye betri nzima likaishia kuuzwa vipande vipande kama spea, na yule mama kila akisikia habari za magari ya umeme anasema ni utapeli. Siwezi kumlaumu.

Wengi wetu duniani tunanunua gari lililokwisha tumika. Mnunuzi wa kwanza anapewa ruzuku na dhamana, wa tatu anaachiwa betri asiyojua hali yake na programu iliyofungwa. Kama serikali inakibana kiwanda kiuze magari haya, ikibane pia yaweze kutengenezwa. Ulaya wameanza: sheria yao ya betri ya 2023 inataka kuanzia Februari 2027 kila betri mpya ya gari la umeme iwe na pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya taarifa za betri hiyo. Hapo nawapigia makofi.

Kuna aliyetaja Norwei kuwa wamefanikiwa bila lazima. Marufuku hawakuweka, ni kweli, lakini walianza kuyasamehe magari ya umeme kodi ya ununuzi tangu 1990 na VAT tangu 2001, huku ya petroli yakitozwa kodi nzito. Mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yalikuwa ya umeme. Huo nao ni mkono wa serikali, umepitia mfukoni. Ethiopia ilikwenda njia nyingine, 2024 ikafunga uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, kwa sababu mafuta yalikuwa yakimaliza fedha za kigeni. Na aliyesema anaishi ghorofani hana pa kuchajia, hoja yake ni nzito, sheria isiyomjengea chaja inamwonea.

Mkuu, umesema pia kaka yako anataka kununua la umeme lililotumika. Asiridhike na asilimia za kwenye dashibodi. Aende na fundi mwenye mashine ya kusoma betri, atazame afya ya betri kwa jumla, kisha volti ya seli ya juu kabisa na ya chini kabisa wakati gari linapanda mlima au pedali ya mwendo imekanyagwa hasa, maana likiwa limesimama ugonjwa hujificha. Tofauti ikiwa kubwa, ajue kuna moduli inakufa. Na amuulize muuzaji, kwa maandishi, kama moduli ikibadilishwa nje ya wakala gari litawaka.