Kiribati huuza siku, si samaki

Mmeuliza: viongozi wetu wakipelekwa nchi moja ndogo wakasome, iwe ipi? Najua wengi watataja Singapore au Morisi. Mimi nawapeleka Kiribati, katikati ya Pasifiki. Jina lisiwadanganye mkadhani ni la Kiswahili: hutamkwa "Kiribas". Lugha yao haina herufi s, kwa hiyo ti ndiyo inayoshika kazi hiyo, na neno lenyewe ni Gilberts, jina la enzi ya Waingereza, lilivyogeuka vinywani mwao. Rais wanamwita Beretitenti. Sisi wa shati na skuli hatuna ubavu wa kuwacheka.

Niliijua nchi hiyo melini. Katika miaka yangu ya ubaharia nilifanya kazi na kijana wa Tarawa, kisiwa chao kikuu. Enzi hizo wenzake wengi waliajiriwa kwenye meli za Wajerumani, na hela walizotuma nyumbani zililisha jamaa wengi. Kilichotufanya marafiki ni tembo la mnazi. Kwao nako mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na tembo bichi, karewe, hata watoto hunywa. Likichacha, hayo ni mengine.

Nchi kavu yao yote ni kilomita za mraba 811, kama nusu ya Unguja, na watu ni takriban 120,000. Lakini bahari yao ni kilomita za mraba milioni 3.5, zaidi ya mara tatu ya Tanzania nzima. Hapo ndipo penye darasa. Zamani meli za mbali zililipa leseni kiduchu na kuondoka na jodari. Mwaka 1982 Kiribati na majirani zake walitia sahihi Mkataba wa Nauru, wa kusimamia uvuvi kwa pamoja. Leo wako wanane, na Tuvalu na Papua New Guinea wamo. Tangu 2007 hawauzi samaki, wanauza siku. Hukubaliana meli za nyavu za kuzungusha zivue siku ngapi kwa mwaka, wakagawana, kisha mwenye meli akanunua. Bei ya chini ni dola 8,000 za Marekani kwa siku. Upate jodari, ukose, siku umeshainunua. Zaidi ya nusu ya mapato ya serikali ya Kiribati hutoka humo.

Huku kwetu, magharibi mwa Bahari ya Hindi, jodari tunao pia, ila kila nchi huuza leseni kivyake.

Akiba nayo wanaijua. Kisiwa chao cha Banaba kilichimbwa fosfati, madini ya mbolea, tangu 1900 hadi 1979, mwaka ule ule wa uhuru, na wenyeji wengi walihamishiwa Rabi, Fiji, mwaka 1945. Dhuluma tupu. Lakini sehemu ya fedha ile iliwekwa kwenye mfuko tangu 1956, na mfuko uko mpaka leo.

Siasa zao zinanifurahisha zaidi. Bunge huteua wagombea urais watatu au wanne kutoka miongoni mwa wabunge, wananchi wakachagua. Bunge likimkataa Beretitenti, nalo linavunjwa papo hapo, kwa hiyo mtu hafikirii hilo kwa pupa. Mwaka 2003 walithubutu: Teburoro Tito akaondoka, na katika uchaguzi uliofuata Anote Tong akamshinda Harry Tong, ndugu yake wa damu.

Si peponi. Nusu ya watu wamebanana Tarawa ya Kusini, ambako visima vimeharibika kwa uchafu na chumvi. Tangu 2016 serikali inanunua mbata kwa bei ambayo soko haliwezi kuilipa: mwaka huo ilikuwa dola 2 za Australia kwa kilo. Wachumi hulalamika. Mimi naona ni njia ya kumfikishia mkwezi wa kisiwa cha mbali fungu lake la fedha za jodari, asije naye kubanana Tarawa.

Basi viongozi wetu wakifika, wasianze na swali la visiwa kuzama kwa bahari kupanda. Nadhani wenyeji wameshalichoka. Waulize jirani alishawishiwaje asiuze siku zake chini ya bei.