Kabla ya Kuagiza Taco, Uliza Habari za Tortila

Dada mmoja wa Lang'ata ameniandikia wiki hii akiwa na uchungu. Walienda wanne kusherehekea siku ya kuzaliwa kwenye mkahawa wa Kimeksiko wa mtaani kwao, wakapiga picha za meza kwanza, na walipoanza kula kila taco waliyoinua ilipasuka katikati, nyama ikamwagika kwenye sahani. Anauliza: "Hiki chakula ni kitamu kweli, ama tunalipia jina?"

Ni kitamu, dada yangu. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiletewa taco tunakagua nyama, na kumbe shida iko kwenye tortila, ule mkate mwembamba wa duara unaokunjwa kushika nyama.

Tortila ya mahindi haitokani na unga wa ugali. Kanda unga wa ugali na maji, ujaribu kuusukuma duara, utaona kingo zinavyokatika, maana mahindi hayana mnato wa ngano. Wenyeji wa Meksiko walipata dawa yake tangu kale: chokaa. Kilo moja ya mahindi makavu hutiwa kwenye lita tatu hivi za maji pamoja na gramu 10 za chokaa ya chakula (si ile ya kupaka ukuta). Huchemka polepole kwa dakika 30 hadi 45, moto ukazimwa, yakalala humo humo hadi asubuhi. Ukiyasugua asubuhi, ganda linateleza lenyewe kati ya vidole. Huoshwa, yakasagwa yakiwa bado na unyevu, na kinachotoka ni donge laini linaloitwa masa. Chokaa hulegeza ganda, kalsiamu yake husaidia donge kushikana, na vitamini B3 iliyofungika ndani ya punje huachiliwa mwili uweze kuitumia. Jambo lenyewe si geni sana kwetu. Ukambani ganda huondolewa kwa kutwanga, ukapata muthokoi, na anayetia magadi kwenye githeri ili iive upesi analainisha ganda kwa njia ya karibu na hiyo, ila magadi hayana kalsiamu ya kushikisha donge. Ndiyo maana huniuma mtu akiita tortila chapati ndogo ya bei ghali. Hiyo ni kazi ya usiku mzima.

Basi kabla ya kuagiza, muulize mhudumu maswali mawili: tortila zenu ni za mahindi ama za ngano? Mnazikanda hapa ama zinatoka kwenye pakiti? Usiogope kuonekana mshamba. Ngano si kosa, maana kaskazini mwa Meksiko ndiyo wanayokula na burito, ile tortila kubwa inayofungwa na chakula ndani, haikunjiki bila hiyo. Pakiti nayo si dhambi ikiwa jikoni wanajua kuipasha. Mhudumu asiyejua na asiyekwenda jikoni kuuliza amekwisha kukujibu. Kama ngano inakudhuru, uliza pia iwapo aina zote mbili hupikwa kwenye chuma kimoja.

Tortila ya taco hupikwa hivi: donge la gramu 30 hubanwa liwe duara la sentimita 15 hivi, likawekwa juu ya chuma kikavu chenye moto mkali. Sekunde 30 upande wa kwanza, dakika moja wa pili, likigeuzwa tena linafura kama puto. Hapo hapo linafunikwa kwa kitambaa. Ikipoa, wanga hukakamaa, sawa na ugali uliosahaulika kwenye sahani. Dakika kumi za picha zatosha kuiharibu. Kwa hiyo zikifika, inua moja uikunje. Ikipasuka mkunjoni ukiwa ndiyo kwanza umeipokea, irudishe kwa adabu na uombe zipashwe kwenye kikaango kikavu, si kwenye maikrowevu, ambayo huzifanya zivutike kama mpira. Ikiwa ni laini, kula mara moja, picha baadaye. Na agizeni mbili mbili au tatu tatu kwa awamu. Sinia la taco kumi na mbili katikati ya meza ya watu wanaopiga gumzo ni hasara.

Kipasuzi cha pili ni maji. Pico de gallo ni ndugu wa kachumbari: nyanya, kitunguu, pilipili, dhania, ndimu, chumvi. Ikikatwa asubuhi na kutiwa chumvi mapema, hufika mezani ikiogelea. Inamisha kijiko maji yachuruzike kwanza, ndipo uweke. Guakamole, yaani parachichi la kupondwa, nayo omba ipondwe ukishaagiza, kwa sababu parachichi huanza kuwa kahawia likikutana na hewa, na ndimu huchelewesha tu. Parachichi la aina ya Hass likiwa kwenye msimu, hasa Machi hadi Agosti, mkahawa wa Nairobi hauna sababu ya kukupa guakamole yenye nyuzi.

Kuhusu nyama, mpenda mbuzi aagize birria, chakula cha jimbo la Jalisco. Asitarajie choma. Mbuzi huiva polepole kwa saa tatu au nne pamoja na pilipili zilizokaushwa na siki hadi nyama iachane na mfupa, na mchuzi huja kwenye bakuli uchovye taco. Kama wanatumia ng'ombe badala ya mbuzi, wakwambie mapema. Al pastor, nyama nyingine ya taco, ilitokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni, lakini ni nguruwe, na maharagwe ya kupondwa nayo mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Asiyekula nguruwe aulize yote mawili. Pilipili ya jalapenyo haifikii pilipili kali yetu kwa ukali, ila ya habanero huipita. Ikikuwasha, maji hayasaidii, kwani ule ukali huyeyuka kwenye mafuta. Meza krimu au mala.

Bili: tazama chini ya menyu kama VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 zimo ndani ya bei, na kama huduma imetozwa tayari, kabla hujaacha bakshishi.

Mkiagiza kula nyumbani, chukueni burito. Taco haivumilii kukaa kwenye boksi la bodaboda kutoka Westlands hadi Lang'ata, maana mvuke unailowesha chini na juu inakauka. Ukiitaka lazima, waambie wafunge tortila, nyama na salsa (ile pico de gallo au mchuzi wa pilipili) kila kimoja peke yake. Nyumbani, pasha nyama kwanza, kisha tortila moja moja, sekunde 20 hadi 30 kila upande, uzifunike kwa taulo safi ya jikoni. Kikaango kiwe kikavu, usitie mafuta.