Kabla hujaandika "akili ndogo": kwa mwalimu mpya wa Dodoma vijijini

Mwalimu uliyepangiwa Bahi au Chamwino, chunga sana neno "akili". Nyumbani, mtoto mwenye akili ni yule anayetumwa dukani akarudi na chenji kamili na hajibizani na wakubwa. Kuelewa haraka ni werevu. Ujanja waweza kuwa sifa au lawama. Ukimwambia mzazi "mwanao hana akili", atasikia umemwita punguani. Sema "bado hajaweza kusoma sentensi", maana hilo lina dawa.

Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905 ili watoto wanaohitaji msaada darasani watambuliwe. Alama za akili (IQ) zilikuja baadaye: umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, uzidishwe kwa 100. Mtoto wa miaka 8 anayemudu maswali ya miaka 10 anapata 125. Ila kama umri wenyewe ni wa kukadiria na kumbe ana miaka 10, huyohuyo anapata 100. Vipimo vya sasa humlinganisha mtoto na rika lake, wastani ukiwa 100. Rika hilo likiwa la Marekani, usimpimie mtoto wa Mpwapwa.

Akili saba za Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyedai mwaka 1983 kwamba akili ziko za aina saba, kama ya lugha na ya muziki, walimu wanazipenda mno. Ushahidi wake ni mwembamba, kwa hiyo usigawe darasa kwa hizo.

Kinachofaa ni kupima, kufundisha, kupima tena. Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walifanya hivyo kwa watoto wa vijijini karibu na Bagamoyo, na mafunzo mafupi tu yakapandisha alama. Kata kadi 12 za boksi: duara, mraba na pembetatu, kila umbo kwa rangi mbili na ukubwa wa aina mbili. Mwambie mtoto azipange makundi, kisha azipange kwa njia nyingine. Usimsaidie. Halafu mfundishe kupanga, dakika kumi, kwa vitu tofauti, tuseme punje za mtama, karanga na vifuniko vya soda, asije akakariri kadi. Mrudishie kadi azipange tena.

Kinachoharibu zoezi mara nyingi ni maelekezo. Mtoto wa darasa la kwanza anayeongea Kigogo nyumbani ataitikia "ndiyo" bila kuelewa, basi akurudishie maelekezo kwa maneno yake kabla hajagusa kadi. Mpime peke yake, asubuhi. Mchana njaa ndiyo itakayojibu. Saa ya kuhesabu sekunde iache mfukoni.

Daftarini andika amepata njia ngapi za kupanga, namba zote mbili, kwa mfano: mwanzo njia 1, baada ya kufundishwa njia 3.