Maswali yenu kuhusu roketi ndogo za kurusha

Injini niliyonayo imeandikwa C6-5. Maana yake nini, na je, inaweza kubeba roketi ya gramu 150?

Herufi inaonyesha jumla ya nguvu itakayotoka hadi baruti iishe, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia: B huishia nyutoni-sekunde 5 (nyutoni, kipimo cha nguvu, mara sekunde inazodumu), C huishia 10, D 20. Tarakimu ya 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Ile 5 ni sekunde za kusubiri. Baruti ikishaisha, roketi huendelea kupaa kwa kasi yake, kisha mlipuko mdogo ndani ya injini huitoa parachuti.

Gramu 150 ni nyingi mno kwa injini hiyo. Msukumo wa wastani uwe angalau mara 5 ya uzito wa roketi nzima, injini ikiwemo. Gramu 150 ni kama nyutoni 1.5, kwa hiyo unahitaji 7.5 na wewe una 6. Ukiirusha hivyo hivyo, itaachana na chuma cha kurushia, ile fimbo inayoiongoza inapoanza kupaa, ikiwa bado inajikokota, mapezi ya mkiani hayatakuwa na upepo wa kutosha kuinyoosha, na zile sekunde 5 zitaisha ikiwa imeshageukia chini. Ipunguze hadi gramu 120, au tafuta injini yenye msukumo mkubwa zaidi.

Roketi yangu hupanda mita chache halafu inapiga pindu hewani. Mapezi yamenyooka kabisa.

Basi mkia ni mzito, au mapezi ni madogo. Roketi ina kitovu cha uzito, yaani pale inapotulia sawa ukiilaza juu ya kidole, na ina kitovu cha shinikizo la hewa, ambapo nguvu za hewa inayoisukuma ubavuni hukutania. Cha uzito lazima kiwe mbele, kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha bomba. Kikiwa nyuma, hewa huigeuza roketi badala ya kuirudisha kwenye mstari.

Ipime kwa uzi kabla ya kuirusha tena. Tia injini mpya bila kiwashio, pamoja na parachuti na karatasi za kuikinga na moto, maana roketi tupu itakudanganya. Tafuta kitovu cha uzito, funga hapo uzi wa mita 2 na uubane kwa tepu usiteleze. Sasa izungushe juu ya kichwa, mwanzo taratibu, kisha kwa kasi. Ikitangulia pua, iko tayari. Ikienda ubavuubavu au kinyumenyume, shindilia udongo wa kufinyangia puani, gramu 3 hadi 5 kwa mara, na kila ukiongeza usogeze uzi, kwa sababu kitovu nacho kimesogea mbele.

Udongo ukianza kuvunja ile kanuni ya mara 5, acha. Kata mapezi makubwa zaidi. Nyuzi za balsa, ule mti mwepesi wa kutengenezea mapezi, ziende sambamba na ukingo wa mbele wa pezi; zikifuata urefu wa bomba, pezi litakatikia shinani siku ya kwanza litakapogonga ardhi.

Nikibonyeza kitufe, kimya. Nisubiri muda gani?

Toa ufunguo wa usalama au tenganisha betri, kisha sekunde 60 zipite kabla ya mtu yeyote kusogea. Mara nyingi kosa ni kiwashio: ncha yake haijagusa baruti ndani ya tundu la injini. Isukume mpaka iguse, ndipo utie kizibo cha kukishikilia kiwashio. Angalia pia vibanio vya nyaya vinavyoshika kiwashio visigusane, na uvisugue kwa msasa, kwani masizi ya urushaji uliopita huzuia umeme. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa ya kisanduku chenye kitufe na bado ikashindwa kuwasha injini.

Parachuti hutoka ikiwa imeyeyuka na kugandamana.

Mlipuko wa kuitoa ni moto hasa, na kinga inayotakiwa ni karatasi zisizoshika moto. Tatu au nne, zifinyangwe kwa ulegevu na kujaza bomba kwa urefu wa vipenyo viwili hivi. Tishu ya kawaida hapana, itashuka inawaka na kuangukia nyasi. Parachuti ya plastiki hukakamaa kwenye baridi, kwa hiyo ipake poda na uikunje dakika chache tu kabla ya kurusha. Hakikisha pia injini imebanwa kwa ndoano au tepu. Ikiwa imelegea, mlipuko utaitupa nyuma na parachuti itabaki ndani.

Je, naweza kuchanganya baruti yangu mwenyewe?

Hapana. Mchanganyiko huo huwaka kwa cheche au msuguano tu ukiwa mikononi mwako, na ufa mdogo kwenye baruti iliyoshindiliwa huigeuza injini kuwa bomu. Tumia za kiwandani, mara moja kila moja. Hata hizo, simama mita 5 kutoka kwenye roketi kwa D na zilizo chini yake, mita 10 kwa kubwa zaidi.

Nitajuaje imefika juu kiasi gani?

Simama mita 100 kutoka inaporushiwa, upepo ukikupiga ubavuni. Pima pembe kutoka usawa wa jicho hadi ilipofika kileleni, kisha zidisha 100 kwa tanjenti ya pembe hiyo (kitufe cha tan kwenye kikokotoo). Nyuzi 45 ni mita 100, nyuzi 60 ni 173. Ongeza kimo cha jicho lako. Mwenzako akipima kutoka upande wa pili, chukueni wastani, kwa sababu roketi iliyoinama kuelekea kwako huonekana imepanda zaidi ya ilivyopanda.