Kabla hujalipia stendi, uliza inashuka mpaka digrii ngapi

Mkuu, hiyo oda isimamishe leo leo. Umeuliza kama darubini yenye lenzi ya upana wa milimita 70 inafaa kupiga picha nebula ya Rosette, lile wingu la gesi angani, ukiwa Tanga, ukaulizia na kamera na vichujio. Darubini inatosha. Rosette ina upana wa digrii moja na ushee, zaidi ya mara mbili ya mwezi, na kwa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi picha inapojiunda) ya milimita 400 inaingia yote. Kinachonitia hofu ni stendi, ile yenye mota ya kuzungusha darubini ifuate nyota.

Umeandika kwamba mwinamo wa mhimili wake unarekebishwa kuanzia digrii 20 hadi 65. Sisi tuko digrii 5 kusini mwa ikweta! Mhimili wa stendi unatakiwa uelekee ncha ya anga ya kusini, yaani pale ambapo nyota huonekana kupazunguka, na hapa kwetu ncha hiyo iko digrii 5 tu juu ya upeo, yaani mhimili karibu unalala. Ukigomea kwenye 20, mota itazunguka lakini haitafuata nyota, na kwenye picha zitatoka vistari. Rosette ni hafifu. Inataka picha nyingi za dakika kadhaa kila moja.

Aliyeniuzia mimi aliapa kuwa inafanya kazi popote duniani. Nilimtajia Tanga kwa jina, hakusoma hata maandishi ya kwenye boksi. Nilipompigia akasema sijui kuifunga. Nililegeza skrubu ya mbele mpaka mwisho wa nyuzi zake, kile chuma cha uzito kikagonga mguu wa stendi kabla mhimili haujashuka vya kutosha. Nikainua mguu mmoja kwa jiwe. Upepo wa Raskazone nusura uangushe kila kitu, kamera ikiwa juu. Pesa ile inaniuma mpaka leo.

Aliyeniokoa ni fundi wa kuchomelea pale Ngamiani: kabari ya chuma ya digrii 15 chini ya kichwa cha stendi, na kipande cha bomba cha kukiinua ili uzito usigonge mguu.

Nyota ya Kaskazini usiitafute, kwetu iko chini ya upeo. Januari, mkanda wa Orion (zile nyota tatu zilizojipanga mstari) ukiwa juu kabisa, lenga nyota yake mojawapo. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, zungusha stendi kidogo kulia au kushoto mpaka itulie. Kisha rudia na nyota iliyo chini mashariki, safari hii ukipandisha au kushusha mhimili.

Mwambie muuzaji apige picha kipimo cha digrii kilicho ubavuni mwa stendi, namba ya chini kabisa ionekane. Kama haifiki 5, hela isitoke.